Mfuniko Ulikaguliwa na Nani? Lugha ya Ukaguzi katika Kituo cha Nyuklia cha Davis-Besse

Utangulizi

Katika kozi yetu ya tafsiri huwa tunawapa wanafunzi matini za nyanja mbalimbali ili wasidhani kwamba Kiswahili ni lugha ya hadithi na mashairi peke yake. Muhula mmoja tuliandaa matini fupi ya Kiingereza kuhusu kituo cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, kilichopo kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, Marekani. Ndani yake tuliweka sentensi moja iliyoeleza kwamba mfuniko wa kinu ulikuwa umekaguliwa kila kituo kilipozimwa ili kuwekewa fueli mpya. Karibu darasa zima liliandika: "Mfuniko ulikaguliwa." Nasi tulitia alama ya vema na kuendelea na sentensi iliyofuata.

Mwanafunzi mmoja, ambaye kabla ya kujiunga nasi alikuwa karani wa stoo kiwandani, alinyosha mkono. "Mwalimu, samahani," alisema, "ulikaguliwa na nani? Na huyo aliyekagua aliuona wote?" Tulimjibu kwamba matini haisemi, na kwamba mfasiri hatakiwi kuongeza jambo lisilokuwamo. Jibu hilo ni sahihi kwa kanuni za tafsiri. Hata hivyo, tuliporudi ofisini tulitambua kwamba swali la karani wetu ndilo walilouliza wachunguzi wa Marekani mwaka 2002, tena wakiwa wamechelewa, baada ya kukuta shimo katika mfuniko huohuo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza tukio hilo kwa Kiswahili cha kawaida, jinsi ukaguzi na udhibiti wa kituo cha nyuklia unavyofanyika, na mahali ambapo lugha yenyewe iliingia katika hatari ile. Hatudai kuwa wataalamu wa fizikia. Sisi ni walimu wa lugha, na tutabaki katika yale ambayo mwalimu wa lugha anaweza kuyaeleza darasani bila kuona haya.

Kinu na mfuniko wake

Kituo cha nyuklia, kwa kifupi, ni mahali pa kuchemshia maji. Vituo vingine huchoma makaa ya mawe au gesi, lakini hiki hupata joto kutokana na kupasuliwa kwa viini vya atomi za urani. Joto hilo hatimaye hutoa mvuke, mvuke huzungusha tabo, na tabo huzungusha jenereta. Kazi ya umeme inaishia hapo. Kazi ya usalama haiishi, kwa kuwa fueli iliyokwisha kutumika huwa na mionzi mikali na huendelea kutoa joto hata baada ya kinu kuzimwa. Ikikosa maji ya kuipoza, huyeyuka.

Kinu cha Davis-Besse, kilichoanza kuzalisha umeme wa biashara mwaka 1978, ni cha aina inayotumia maji yenye shinikizo kubwa. Fueli imewekwa ndani ya chungu kikubwa cha chuma kizito. Maji yaliyomo huwa na joto la nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi, lakini hayachemki kwa sababu yamebanwa kwa shinikizo linalokaribia mara 150 ya lile la hewa tunayoivuta. Juu ya chungu kuna mfuniko wa chuma wenye umbo la kuba, uliofungwa kwa bolti kubwa. Unene wake ni zaidi ya sentimita 16, na upande wa ndani umetandazwa tabaka jembamba la chuma kisichoshika kutu, lisilofikia sentimita moja.

Mfuniko huo umetobolewa ili kupitisha mirija 69. Mingi kati ya mirija hiyo ni njia ya fito za udhibiti, yaani vyuma vinavyoshushwa katikati ya fueli ili kupunguza au kuzima mpasuko wa atomi. Aidha, maji ya kinu huchanganywa na asidi ya boriki, kwa kuwa boroni husaidia kuutuliza mpasuko huo. Asidi hii ikiwa ndani ya kinu haina tatizo kubwa. Ikivuja nje kupitia ufa, maji hugeuka mvuke na kuacha unga mweupe. Unga huo ukipata unyevu juu ya chuma cha kawaida, hukila chuma hicho kama mchwa alavyo nguzo. Jambo hili lilijulikana na wahandisi miaka mingi kabla ya tukio tunalolieleza. Mwaka 1988 mamlaka ya Marekani iliviandikia vituo vyote vinavyotumia maji yenye shinikizo kubwa barua ya kuvitaka viwe na utaratibu wa kuzuia kutu ya namna hiyo.

Nani humkagua nani?

Waswahili wamesema mganga hajigangi. Msemo huu ndio msingi wa udhibiti wa nyuklia. Mwendeshaji wa kituo, ambaye ndiye mwenye leseni, ana jukumu la kwanza la usalama: hukagua mitambo yake, huandika alichokiona, na hurekebisha. Juu yake huwekwa mdhibiti, chombo cha dola kisichouza umeme wala kupata faida yake, chenye uwezo wa kutoa leseni, kuingia kituoni, kudai nyaraka, kutoza faini na kuamuru kinu kizimwe.

Nchini Marekani hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1970 tume moja ndiyo iliyokuwa ikikuza matumizi ya atomi na papo hapo kuyadhibiti. Sheria ya mwaka 1974 iliivunja, na Tume ya Udhibiti wa Nyuklia ikaanza kazi Januari 1975 ikiwa na jukumu la udhibiti pekee. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia, uliopitishwa mwaka 1994 chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na kuanza kutumika mwaka 1996, unazitaka nchi wanachama zitenganishe kazi hizi mbili. Japani ililijutia jambo hili. Ajali ya Fukushima ilipotokea Machi 2011, mdhibiti wake alikuwa ndani ya wizara ileile iliyokuwa ikihimiza umeme wa nyuklia. Septemba 2012 nchi hiyo iliunda mamlaka mpya inayojitegemea.

Tume ya Marekani ina wakaguzi wa aina mbili. Wapo wanaokuja kwa zamu kukagua jambo maalumu, na wapo wakaguzi wakazi ambao ofisi yao ya kila siku iko ndani ya kituo. Mkaguzi mkazi huingia chumba cha kuendeshea kinu, husoma daftari la matatizo na kuuliza maswali. Walimu wenzetu wanaujua utaratibu huu kwa namna yao. Mkaguzi wa shule anayekuja mara moja kwa mwaka hukuta azimio la kazi limeandikwa kwa kalamu mpya na ubao umepakwa rangi. Anayekaa mtaani huwasikia wanafunzi wanavyosoma.

Hata hivyo, mkaguzi mkazi hawezi kuangalia kila bolti. Sehemu kubwa ya udhibiti inafanyika kwa maandishi: mwendeshaji anaandika, mdhibiti anasoma na kuamua. Kwa sababu hiyo maneno ya ripoti huwa sehemu ya mtambo wa usalama, sawasawa na vali na pampu.

Dalili zilizozoeleka

Mfuniko wa Davis-Besse ulikuwa umezungukwa na kizingo cha chuma, na juu yake kulikuwa na kihami joto. Mtu aliyetaka kuuona alipaswa kupenyeza kamera iliyofungwa kwenye kijiti kupitia matundu madogo yaliyokuwa chini ya kizingo. Wafanyakazi waliyaita matundu ya panya. Pendekezo la kukata milango mikubwa zaidi ili mfuniko uonekane na kusafishwa vizuri lilitolewa mwaka 1990, na baada ya hapo likaahirishwa mara kadhaa. Sehemu ya katikati ya kuba, ambayo ndiyo iliyo juu zaidi, ndiyo iliyokuwa ngumu kuonekana, hasa ilipofunikwa na unga wa asidi.

Unga ulikuwapo, na kila mtu alijua upo. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba ulidondoka kutoka kwenye maungio ya juu, ambayo kweli yaliwahi kuvuja. Kuanzia mwaka 1999 vichujio vya kifaa cha kupimia mionzi hewani, ndani ya jengo la kinu, vilianza kuziba kwa vumbi lenye rangi ya kutu. Vilibadilishwa mara nyingi kuliko kawaida. Mashine za kupozea hewa nazo zilijaa unga, zikasafishwa, zikajaa tena. Kinu kilipozimwa mwaka 2000 ili kiwekewe fueli, ilipigwa picha iliyokuja kujulikana sana: inaonyesha mabonge mekundu kama udongo wa kichuguu yakitiririka kutoka kwenye matundu ya panya. Unga wa asidi ya boriki ni mweupe. Wekundu ulikuwa ni chuma cha mfuniko wenyewe kilichokwisha kuliwa. Mfuniko ulisafishwa kwa maji ya moto, lakini unga haukwisha wote, na kinu kikawashwa.

Hapa ndipo penye funzo la kwanza. Wale watu hawakuwa vipofu. Waliviona vichujio, wakavibadilisha. Waliyaona mabonge, wakayapiga picha. Walichokosa ni sentensi moja ya kuviunganisha vitu hivyo: kwamba vumbi la kichujio, unga wa kwenye mashine na wekundu wa kwenye mfuniko ni habari moja. Kila dalili iliandikwa katika daftari lake, ikapewa fundi wake, ikafungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwanza sharti mtu auite ufa kwa jina lake.

Swali la mwaka 2001

Mapema mwaka 2001, katika kituo cha Oconee kilichopo South Carolina, ziligunduliwa nyufa zilizozunguka mrija wa mfuniko. Ufa wa namna hiyo ukizunguka mrija wote, mrija hukatika na kuruka, na maji ya kinu hutoka kwa kasi. Agosti 2001 Tume ya Udhibiti iliviandikia vituo vya aina hiyo waraka wa kuvitaka vieleze hali ya mifuniko yao. Vile vilivyokuwa katika hatari kubwa vilitakiwa kufanya ukaguzi kabla ya tarehe 31 Desemba 2001, au vieleze kwa nini visifanye hivyo.

Davis-Besse ilikuwa miongoni mwa vituo vyenye hatari kubwa. Mwendeshaji hakutaka kuzima kabla ya kipindi chake cha fueli, kilichopangwa mwishoni mwa Machi 2002, kwa kuwa kila siku ya kuzima ni hasara. Alituma barua kadhaa kuanzia Septemba hadi Novemba. Hoja yake ilitegemea ukaguzi wa miaka iliyotangulia: mfuniko umekaguliwa, wala haukuonyesha dalili za mirija kuvuja. Barua hizo hazikueleza ipasavyo ni kiasi gani cha mfuniko kilichoweza kuonekana, wala kwamba usafishaji wa mwaka 2000 haukukamilika.

Watumishi wa tume walikuwa wameandika rasimu ya amri ya kukizima kituo. Amri hiyo haikutolewa. Pande mbili zilikubaliana katikati: kinu kiendelee hadi tarehe 16 Februari 2002. Desemba 2002 ofisi ya mkaguzi mkuu wa ndani wa tume hiyo ilitoa ripoti kuhusu uamuzi huo. Ilisema kwamba kwa sehemu kubwa ulisukumwa na nia ya kupunguza hasara ya kifedha kwa mwendeshaji, na kwamba tume ilionekana kujiwekea, bila kuandika popote, sharti la kupata uthibitisho kamili kwamba kuna hatari ndipo iamuru kinu kizimwe.

Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo. Katika udhibiti kuna maswali mawili yanayofanana kwa sura. La kwanza ni: "Je, umethibitisha kwamba ni salama?" La pili ni: "Je, tumethibitisha kwamba si salama?" Katika swali la kwanza mzigo wa kuthibitisha anaubeba mwenye leseni. Katika la pili anaubeba mdhibiti. Mfuniko ambao haujaonekana hauwezi kuthibitishwa kuwa salama, wala hauwezi kuthibitishwa kuwa mbovu. Hivyo swali la kwanza huzima kinu, na la pili hukiacha kiendelee. Mwaka 2001 swali lilibadilika kimyakimya kutoka la kwanza kwenda la pili.

Shimo

Kinu kilizimwa tarehe 16 Februari 2002. Ukaguzi ulionyesha kwamba mirija mitatu ilikuwa na nyufa zilizopenya kabisa. Mwanzoni mwa Machi, mafundi wakitengeneza mrija namba 3, mashine yao iliinama bila kutarajiwa. Ilipoondolewa, mrija wenyewe ulikuwa umeegama, jambo lisilowezekana kwa mrija ulioshikwa na chuma kinene kiasi kile. Unga uliposafishwa, pembeni yake palionekana shimo ambalo lingeweza kumeza nanasi dogo. Asidi ilikuwa imekula unene wote wa chuma cha kawaida. Lililobaki ni lile tabaka jembamba la ndani, ambalo kazi yake ni kuzuia kutu na wala si kubeba shinikizo. Lilikuwa limebinuka kuelekea nje.

Kwa muda usiojulikana sawasawa, tabaka hilo peke yake lilikuwa limeshikilia maji yenye shinikizo la mara 150. Lingepasuka, maji yangetoka kwa nguvu ndani ya jengo la kinu na mitambo ya dharura ingelazimika kuyarudisha. Katika matengenezo yaliyofuata ilibainika kwamba baadhi ya vifaa vya dharura, ikiwamo chujio la maji na pampu za shinikizo kubwa, navyo vilikuwa na kasoro. Hakuna aliyeumia. Kituo kilikaa kimya miaka miwili, kikawekewa mfuniko uliotengenezwa kwa ajili ya kituo kingine ambacho hakikumalizika kujengwa huko Michigan, na tume ikaruhusu kiwashwe tena Machi 2004.

Kikosi kilichoundwa na tume kujifunza kutokana na tukio hilo kilisema waziwazi, mwaka 2002, kwamba lingeweza kuzuilika, na kwamba mwendeshaji, tume yenyewe na sekta nzima hawakuufanyia kazi ipasavyo ujuzi waliokwisha kuwa nao. Mwaka 2005 tume ilitangaza faini ya dola milioni 5.45. Januari 2006 kampuni iliyoendesha kituo ilikubaliana na Wizara ya Sheria kulipa dola milioni 28 ili isishtakiwe. Wafanyakazi wawili wa zamani walitiwa hatiani na mahakama kwa kuficha ukweli katika maelezo yaliyopelekwa tume; mtu mwingine aliyeshtakiwa pamoja nao aliachiwa huru. Kosa lenyewe, tukilitazama kwa jicho letu, lilikuwa la sentensi. Watu walihukumiwa kwa jinsi walivyoandika.

Sarufi ya ukaguzi

Sasa turudi darasani. Kitenzi kagua kinatupa sentensi tatu zinazoonekana kuwa ndugu:

(a) Mfuniko ulikaguliwa.
(b) Mfuniko umekaguliwa.
(c) Mfuniko haukukagulika.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutendwa, na mtenda ameachwa. Kiswahili kinaruhusu kumwacha. Tukitaka kumtaja, tunatumia na: ulikaguliwa na fundi fulani, kwa kamera, kupitia matundu manane kati ya kumi. Kila nyongeza inapunguza ukubwa wa dai na kuongeza ukweli wake. Sentensi ikibaki fupi, msomaji huijaza mwenyewe, na kwa kawaida huijaza vizuri kupita kiasi: hudhani aliyekagua ni mjuzi, aliona mfuniko wote, na aliridhika.

Sentensi (b) ina kiambishi -me-, ambacho kinaeleza tendo lililokwisha na ambalo hali yake ingalipo. Tunaposema "mlango umefungwa", msikilizaji anaelewa kwamba hata sasa umefungwa. Ripoti inayosema "umekaguliwa" kwa kutegemea ukaguzi wa miaka mitatu nyuma inaazima hali ambayo haipo tena. Ukaguzi huchakaa. Hapo -li- pamoja na tarehe ndiyo inayofaa.

Sentensi (c) ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa kuwa hapa Kiswahili kina hazina ya kujivunia. Kauli ya kutendeka, kwa kiambishi -ik-, inaweza kueleza uwezekano: njia inapitika, maji yananyweka, mlima haupandiki. "Haukukaguliwa" maana yake ni kwamba hakuna aliyekagua, pengine kwa uzembe. "Haukukagulika" maana yake ni kwamba hata aliyetaka asingeweza, kwa sababu ya kizingo, matundu ya panya na unga. Tofauti hii tunaibeba katika silabi moja. Kama barua za mwaka 2001 zingeandikwa katika lugha yetu, na kwa uaminifu, zingehitaji neno hilo moja: sehemu ya katikati ya mfuniko haikukagulika. Mdhibiti angejua la kufanya.

Hatusemi kwamba Kiswahili kingezuia shimo. Mtu anayetaka kuficha huficha kwa lugha yoyote. Tunachosema ni kwamba mwanafunzi aliyefundishwa kauli za vitenzi kama jedwali la kukariri kwa ajili ya mtihani hatajua kwamba ameshika chombo cha kupimia ukweli.

Maneno matatu ya kuangaliwa

Usalama. Neno hili linabeba mambo mawili ambayo wataalamu wa nyuklia huyatenganisha: kuzuia ajali, na kuzuia wizi au hujuma. Kwa la kwanza tunapendekeza usalama dhidi ya ajali. Kwa la pili, ulinzi. Tangazo linalosema "usalama umeimarishwa" laweza kumaanisha kwamba wameongezwa askari getini ilhali mfuniko unaendelea kuliwa.

Ukaguzi. Wasikilizaji wa redio wakisikia "wakaguzi wa nyuklia" huwaza wale wanaotumwa na shirika la kimataifa kuhakikisha kwamba urani haigeuzwi silaha. Hiyo ni kazi nyingine. Mkaguzi wa usalama hushughulika na nyufa, pampu na mafunzo ya wafanyakazi, naye huwa ni mtumishi wa mdhibiti wa nchi yenyewe. Mfasiri aseme wakaguzi wa silaha pale inapohusu silaha.

Udhibiti. Wanafunzi wengi huandika usimamizi kwa yote. Meneja wa kituo husimamia kazi. Mdhibiti hudhibiti yule anayesimamia. Tukiyachanganya maneno haya katika tafsiri ya sheria, tunampa mganga ruhusa ya kujiganga.

Kwa nini jambo hili ni letu

Huenda msomaji akauliza Ohio inatuhusu nini. Hapa Uganda, Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda Baraza la Nishati ya Atomiki kuwa chombo cha udhibiti, na serikali imeitaja wilaya ya Buyende, upande wa Ziwa Kyoga, kuwa mahali inapokusudia kujenga kituo cha nyuklia. Kenya nayo ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia mwaka 2019. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mambo haya yakikutana, patahitajika watu wa kuwaeleza wananchi wa kando ya ziwa, mafundi kutoka nchi jirani na wabunge wa Afrika Mashariki ni kitu gani kimekaguliwa, na nani, lini, na kitu gani hakikukagulika. Watu hao watatoka katika madarasa yetu. Hatuna haki ya kuwatuma wakiwa na sentensi (a) peke yake.

Zoezi la darasani

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi tulilolitumia muhula uliofuata. Wagawe wanafunzi katika makundi mawili. Kundi la kwanza liwe waendeshaji. Liende likague jengo moja la chuo, kwa mfano paa la maktaba, kwa kulitazama kutoka chini tu, kisha liandike ripoti ya aya moja. Kundi la pili liwe wadhibiti, na lisiruhusiwe kwenda kuona. Lisome ripoti, lipige mstari chini ya kila kitenzi, na kwa kila kitenzi liulize: nani, kwa chombo gani, lini, na kiasi gani hakikuonekana? Ripoti irudishwe hadi maswali yote yajibiwe. Mwisho kundi la pili liamue kama maktaba ifunguliwe au ifungwe, na lieleze ni swali lipi kati ya yale mawili lililotumia kuamua.

Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, ripoti ilirudishwa mara nne. Kundi la waendeshaji lilichukia. Lakini ripoti ya tano ilikuwa na sentensi hii: "Upande wa mashariki wa paa haukukagulika kwa sababu ya mti wa mwembe." Maktaba ilifungwa, kwa mchezo, mpaka mtu apande juu.

Yule karani wa stoo alikuwa miongoni mwa wadhibiti. Tulipokusanya karatasi, tulirudi kwenye daftari lake la muhula uliotangulia, tukafuta ile alama ya vema tuliyoiweka kwenye sentensi ya kwanza, na badala yake tukaandika swali lake mwenyewe: na nani?

Tunawakaribisha walimu na wanafunzi watuletee sentensi za namna hii walizozikuta katika ripoti, matangazo na magazeti, ili tuzijadili katika toleo lijalo.